Spea mbili na kipande cha ubao

Kesho alfajiri tunatoka Arusha kwenda Ziwa Natron, kupitia Mto wa Mbu na Engaruka. Mnaoijua njia ile mnajua: mawe makali ya volkano, vumbi, na simu inayokosa mtandao.

Leo nimeshinda gereji na Land Cruiser. Spea mbili, jeki, spana ya magurudumu, viraka vya pancha, pampu ya upepo, kamba ya kuvutia, chepe, maji lita 20.

Nikajua nimemaliza.

Fundi mzee akaniuliza, "Spea umezipima upepo, mwanangu?"

Sikuzipima. Ile iliyofungwa chini ya gari haikuwa na upepo kabisa. Tairi jipya, halijawahi kugusa barabara!

Mwili ukanisisimka. Nitakuwa na mke wangu na watoto wawili.

Mzee akaijaza, akapaka maji ya sabuni kwenye valvu. Mapovu. Akabadilisha valvu, akapaka tena, kimya.

Halafu akanipa kipande cha ubao kilicholowa oili. "Tanguliza hiki chini ya jeki. Kwenye mchanga jeki huzama." Pesa ya ubao akakataa.

Nimekiweka chini ya kiti changu. Bado mikono yangu inanukia ile oili.

Mliowahi kufika Natron, nini kingine nisisahau? Niandikieni usiku huu, tafadhali.