Kimoyomoyo

"Mama, shangilia kimoyomoyo."

Tangu Jumapili neno hili limenikaa kooni. Sikutukanwa, najua. Lakini nikifua, lipo. Nikimgeuza kitandani yule bibi wa chumba cha mwisho, lipo.

Mnajua huu ni mwaka wa saba tupo Omaha na sijawahi kutia mguu uwanjani, ingawa fainali za besiboli ya vyuo vikuu zinachezwa mji huuhuu tangu 1950. Kila Juni zinakuja timu nane, mji unafurika, mimi nimelala, nimetoka zamu. Mwaka huu mwanangu, Bwana Mdogo, kanikatia tiketi kwa pesa zake za kufyeka nyasi za watu. Timu nikaichagua kwa jina: Coastal Carolina. Wapwani wenzangu! Jumamosi walishafungwa 1-0 na LSU, chuo cha Louisiana, na bingwa ni anayewahi kushinda mbili, kwa hiyo Jumapili ilikuwa kufa au kupona. Kocha wao akatolewa na waamuzi raundi ya kwanza kabisa kati ya tisa, hata karanga sijamaliza kumenya.

Basi mpira wetu ukapigwa, ukapaa, ukapaa, nikajua ndio huo. Nikasimama nikatoa vigelegele vya Muheza, vile vya kumtoa biharusi ndani. Mpira ukashuka taratibu, ukatua kwenye glovu ya kijana wa LSU, mpigaji wetu kwisha. Nimemshangilia adui! Mzee mmoja mwenye fulana ya zambarau ya LSU akageuka kunipa kiganja tugonge. Ndipo Bwana Mdogo, macho kwenye viatu vyake, akasema lile neno.

Nami nikajibu, "Haya, baba." Hilo ndilo linaloniuma zaidi, ile haya yangu. Ningemwambia, "Wewe ulipozaliwa ulipigiwa vigelegele kimoyomoyo?" Jibu limekuja Jumanne, nikiwa kwenye basi.

LSU walishinda 5-3, ubingwa wao wa nane.

Jana nasuuza vyombo ndipo ikanijia: kimoyomoyo? Huyu ambaye ukimtuma mwiko analeta uma? Anayenijibu Kiingereza tangu darasa la pili? Nikamfuata chumbani, neno hilo kalitoa wapi.

"Kwa Bibi. Ananiambia nisome dua kimoyomoyo kabla ya mtihani."

Kumbe wanapigiana simu! Kila Ijumaa, eti, na mimi sina habari. Nikarudi jikoni nacheka peke yangu kama mwendawazimu, povu mpaka kwenye viwiko.