Wakifunga mitandao, jua wamefunga nini

Maandamano yakipamba moto, wazo ni lilelile: fungeni mitandao siku mbili tatu, mambo yatulie. Uganda walizima intaneti nzima mkesha wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania wakaizima Oktoba 29, 2025, siku ya kura. Hapa Kenya, Juni 25, 2024, intaneti iliyumba siku waandamanaji walipoingia Bungeni, na kampuni ya simu ikataja hitilafu ya nyaya za baharini. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima.

Nyaya zenyewe zinatua hapa kwetu Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010. Waya ukikatika, huduma nyingi za ng'ambo huwa nzito kwa pamoja, iwe Facebook au tovuti ya chuo cha Uingereza. Ukiona X imekwama lakini Wikipedia inafunguka kama kawaida, usilaumu bahari. Jaribu laini ya kampuni nyingine, kisha jaribu kwa VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kwa siri kupitia kompyuta ya kwingine, mara nyingi nchi nyingine. Ikifunguka kwa VPN tu, karibu hakika imefungwa.

Njia nyepesi ya kufunga ni kupitia DNS, yaani simu inauliza anwani ya tovuti na kampuni inajibu uongo au inanyamaza. Hiyo inakwepeka: kwenye Android ingia Mipangilio, Mtandao na intaneti, DNS ya Faragha, uandike dns.quad9.net, ili anwani aulizwe mwingine badala ya kampuni yako ya simu. Tatizo ni kwamba hiyo hupita mlango 853, na mlango huo ukizibwa simu yako yote itakosa intaneti. Hapo irudishe kwenye Otomatiki. Njia nzito zaidi ni kusoma jina la tovuti muunganisho unapoanza, maana jina hilo kwa kawaida husafiri wazi hata kama yaliyomo yamefichwa. Ikitumika njia hii, kubadili DNS hakusaidii; ni VPN, na uipakue mapema, kwa sababu tovuti za VPN nazo hufungwa. Zile za bure zisizo na mwenyewe anayejulikana, ziache.

Wanaopendekeza kufunga husema watagusa "mitandao ya kijamii tu". Hapa mjini WhatsApp ndiyo ofisi. Wakala wa kutoa mizigo bandarini hutumiwa nyaraka humo, na kontena linaendelea kuhesabiwa gharama likikaa. Wenye tuktuk wanaopata abiria kwa programu watakaa bure data yote ikizimwa. M-Pesa inapona nusu: programu yake huenda ikakwama bila data, lakini menyu ya laini na *334# hufanya kazi bila bando. Mwenye duka Kongowea asiyejua hilo atafunga duka bila sababu.

Ushahidi ndio hukosekana mambo yakifika kortini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ilishatoa amri ya muda ya kuzuia uzimaji. Weka OONI Probe sasa, programu ya simu inayopima kama tovuti na mitandao imefungwa. Siku ya vurugu zima VPN kwanza (wengi husahau, wakapima mtandao wa nchi nyingine), kisha endesha vipimo vya tovuti na vya programu za ujumbe. Matokeo huwekwa hadharani yakiwa na saa na jina la mtandao uliotumia, kwa hiyo anayehofia usalama wake amwachie mwingine. Data ikizimwa kabisa, OONI haina cha kutuma. Andika saa, mtaa na laini kwenye karatasi.