Kutoka Tabora Hadi Chalbi na Pwani kwa Boxer, Ushauri wa Kijiweni Nikiuacha Kijiweni

Mtu akikuambia pikipiki ya Boxer haiwezi jangwa, muulize yeye amefika jangwa lipi. Mimi niliambiwa hivyo na watu ambao kwa pikipiki hawajavuka Nzega. Mmoja alinishauri niiuze nitafute pikipiki kubwa ya cc 650, kwa sababu ndizo anazoziona kwenye video za Wazungu. Mwingine akasema bila kifaa cha setilaiti nitapotea niliwe na fisi. Wa tatu, na huyu ndiye aliyeniudhi kuliko wote, akasema kwa sauti ya mtaalamu kwamba mchangani tairi lazima zitolewe upepo mpaka zilale. Sasa nimerudi, pikipiki imerudi, na vijana wananifuata kila siku kuuliza nilifanyaje. Wakitoka kwangu wanakwenda kuwauliza tena wale wale.

Njia nilichora hivi: Tabora, Nzega, Igunga, kupanda mlima Sekenke, Singida, Babati, Arusha, Namanga. Ukishaingia Kenya unapita Nairobi, Nanyuki, Isiolo, Marsabit. Hapo unaiacha lami na kuteremkia jangwa la Chalbi: Maikona, Kalacha, North Horr, hadi Loiyangalani pembeni mwa Ziwa Turkana. Unashuka kusini na kuikuta tena lami Laisamis. Halafu Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Bagamoyo, na nyumbani kwa njia ya Dodoma na Manyoni.

Ukiitazama ramani unaogopa, lakini sehemu kubwa ya safari hiyo ni lami tupu. Hata Isiolo hadi Marsabit, barabara iliyokuwa inavunja malori miaka ya nyuma, leo unateleza tu. Kwa hiyo mipango yangu yote ilihusu kipande kimoja, kile cha kutoka Marsabit kuzunguka mpaka Laisamis, kama kilomita 500. Kwingine kote ni kukaa kwenye kiti na kuvumilia makalio.

Makaratasi sitayaongelea sana. Pasipoti, leseni, kadi ya pikipiki yenye jina lako wewe na si la aliyekuuzia, na bima ya COMESA, ile kadi ya njano ya kuvukia mipaka, uikate huku huku kabla hujaondoka. Pale Namanga nchi zote mbili zinakuhudumia ndani ya jengo moja, ukiwa umekamilika hukai.

Turudi kwenye hesabu. Tanki la Boxer yangu linabeba lita 11. Kwenye lami, nikienda kistaarabu, lita moja inanipeleka kilomita 40 na ushee. Mchangani unakwenda gia ya pili kutwa nzima, nikaikadiria 30 tu. Gawanya 500 kwa 30, unapata kama lita 17. Ongeza za kupotea na kurudi nyuma, nikaona 21 zinatosha, yaani tanki na vidumu viwili vya lita tano. Petroli njiani ipo, North Horr wanauza kwenye madumu na chupa, bei ni ya anayeuza. Lakini mpango unaotegemea kwamba fulani hajamaliza mafuta yake si mpango. Maji nikapiga lita tano kwa siku, ya kunywa tu, na akiba ya siku moja ya kukwama. Hesabu ya darasa la nne hii, na katika washauri wangu wote hakuna aliyeigusa.

Mzigo ndio ulionipa sinema. Fundi mmoja wa kuchomelea alinishika mkono: "Kaka, niachie mimi, nakutengenezea keria kama ya basi." Akanichomelea dude la nondo nyuma ya kiti, refu, la kusimamisha dumu la lita 20, na juu yake begi. Lilipendeza, siwezi kusema uongo. Watu walipiga nalo picha. Nikajaza dumu maji badala ya petroli, maana majaribio ni majaribio, nikaelekea upande wa bwawa la Igombe kutafuta mchanga. Nilipouingia tu, tairi la mbele likawa jepesi kabisa, usukani ukaanza kutikisa kichwa kulia kushoto, nikabana breki, tukalala wote watatu: mimi, Boxer na dumu. Dumu likafunguka na kubingirika huku linamwaga. Mzee mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akaja taratibu, akatazama maji yanavyopotea, akatazama bwawa kule mbele, akaniuliza: "Mwanangu, maji unayapeleka bwawani?"

Sikuwa na jibu. Nilivyolikagua dude, viungo viwili vilishapasuka. Fundi hela hakurudisha, akasema tatizo ni uendeshaji.

Dawa niliipata kwa fundi cherehani, si kwa fundi chuma. Nilimpelekea turubai la kukaushia tumbaku lililochakaa, akanishonea shogi kama la punda, mfuko huku na mfuko kule, likalala juu ya kiti na kuning'inia chini usawa wa nyayo za abiria. Vidumu vya petroli upande usio na ekzosi, maji upande wa pili na kipande cha bati katikati kuzuia joto. Uzito ukawa chini. Nikarudi Igombe na mzigo kamili, nikapita pale pale nilipoangukia, mara ya kwanza, ya pili, nikaanza kutafuta yule mzee aone. Gharama yake? Elfu ishirini na kitu, na soda ya fundi. Vidumu usijaze mpaka mdomoni, petroli ikipata joto inatanuka, na chini ya kifuniko weka kipande cha nailoni. Unga wa ugali usiuweke karibu na vidumu hivyo. Naongea kwa niaba ya tumbo langu.

Halafu vumbi. Chalbi zamani lilikuwa ziwa, kwa hiyo vumbi lake ni laini kama poda, na poda hiyo ikipita eya klina, kile kichujio cha hewa, inaingia kwenye injini na kula ringi. Nilikuwa nimesikia kwamba soksi ndefu za kike, zile za nailoni, zinachuja vumbi vizuri. Nikaenda soko kuu kwenye mtumba. Mama muuzaji akanikaribisha vizuri: "Za shemeji, kaka?"

"Hapana mama, za pikipiki."

Akanitazama. "Pikipiki yako inavaa saizi gani?"

Wauzaji wa jirani walishasogea. Nikaeleza kuhusu vumbi, injini, jangwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyocheka. Mwishowe aliniuzia fungu zima kwa bei ya kutupa, akaongeza moja ya bure "asije akaona baridi". Nilizikata, nikaufunika mdomo wa boksi la eya klina kwa tabaka kadhaa, zikiwa na matone machache ya oili, nikafunga kwa raba za mpira wa baiskeli. Kila jioni jangwani nilikuwa navua tabaka la juu, jekundu kwa vumbi, chini linabaki safi. Nilipofungua boksi baada ya Laisamis, eya klina ilikuwa kama imetoka dukani. Fungua ya kwako uone.

Msimu niliupanga kwa kujua mvua za kule, si za kwetu. Kaskazini mwa Kenya mvua ndefu ni kuanzia Machi hadi Mei, na fupi ni Oktoba hadi Desemba. Mvua ikinyesha Chalbi linakumbuka kwamba lilikuwa ziwa. Tope lake hata lori linalala humo. Nikasubiri malipo ya tumbaku, ambayo yalichelewa kama kawaida yake, nikaondoka Agosti.

Nairobi usihangaike na ile barabara ya juu, Expressway, pikipiki haziruhusiwi. Pita Kitengela, shika barabara ya mchepuko ya mashariki, utatokea Thika Road. Isiolo kuna aliyenishauri nisirudi Nairobi, nikate Garissa niibukie pwani, eti ni karibu. Wenyeji wenyewe wakanikataza kwa sababu za usalama, na mimi mwenyeji akisema usipite sipiti. Marsabit nayo inashangaza: umepanda kutoka kwenye joto kali unakuta msitu, ukungu na baridi ya koti.

Kuingia Chalbi sikutumia setilaiti. Nilikwenda wanapopakia malori jioni, nikaongea na madereva, asubuhi kabla ya jua nikaondoka nyuma ya lori lililokuwa linakwenda Kalacha, vumbi lake nikiliona mbele muda wote. Njia kule zinagawanyika kama utani, matairi huku, matairi kule, na saa nne tu mazigazi yanaanza kukuonyesha maji yasiyokuwepo. Uwanda wenyewe ni mweupe kwa chumvi, umepasuka vipande vipande, na pikipiki juu yake inakwenda vizuri kuliko barabara nyingi ninazozijua. Ugumu uko kingoni, kwenye mchanga.

Na sasa ndipo nakuja kwa yule mtaalamu wa tairi. Kupunguza upepo ni kweli kunasaidia, ila Boxer ina mpira wa ndani. Ukiutoa mno, tairi linazunguka peke yake kwenye rimu, linauvuta mpira, mdomo wa kujazia upepo unang'oka, na hiyo pancha haizibiki. Nilipunguza mpaka dole gumba likibonyeza linazama kidogo, basi. Mbele ya North Horr, kuelekea ziwani, mchanga unakwisha na mawe meusi ya volkano yanaanza, pale nikashuka nikajaza tena kwa pampu ya baiskeli. Ukiyaendea yale mawe na tairi laini, rimu inapinda.

Chakula changu kikuu kilikuwa matobolwa na asali ya kwetu. Viazi vilivyochemshwa vikaanikwa haviozi, haviyeyuki, havitaki moto. Kijana wa Kigabra aliyekuwa na ngamia zake alinipa maziwa ya ngamia, mimi nikampa matobolwa. Alitafuna muda mrefu, akauliza kama tunalisha ng'ombe au tunakula wenyewe. Akaomba mengine, lakini.

Loiyangalani jambo la kuogopa ni upepo. Si bure kwamba upande ule wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310. Usiku niliilaza Boxer kwa hiari yangu, ubavuni mwa ukuta, kabla upepo haujailaza. Penye mchanga weka bati la kopo lililopondwa chini ya stendi, isizame. Faida ya mitambo ile ni barabara: walipoijenga waliiboresha njia ya kutoka Laisamis ili malori yapitishe vyuma vyao, na mimi nikarudi nayo kwa raha.

Kuna jambo moja sikulisoma wala kuambiwa popote, nililifikiria mwenyewe, na najisifu kwalo. Chumvi ya Chalbi ni kavu. Imeganda chini ya madigadi na kwenye cheni, haina neno. Ila ukiipeleka Mombasa hivyo hivyo, unyevu wa bahari unaifuata humo humo na kutu inaanza kula kabla hujamaliza madafu. Kwa hiyo Nanyuki nililipia kuosha mara mbili, ya kwanza yao, ya pili nikishika brashi mwenyewe, nikapaka grisi cheni, na viungo vyote vya nyaya nikavipaka mafuta ya mgando. Pale Likoni, tukisubiri feri, bodaboda wa Mombasa waliikagua namba ya Tanzania na cheni inayong'aa, wakadhani nimeletwa na lori.

Tanga nilipumzika, nikashika Segera, Msata, nikaingia Bagamoyo kwa lami. Mzee mmoja ufukweni aliposikia natoka Tabora akaanza utani papo hapo: "Mnyamwezi, babu zako walikuja hapa kwa miguu na pembe za ndovu kichwani. Wewe umekuja na nini?" Nikampa asali iliyobaki, nikamwambia wao Wazaramo bado wako pale pale walipoachwa.

Dodoma, Manyoni, Itigi mpaka nyumbani ni lami, sina la kusimulia. Gharama sikuandika, hela ya tumbaku ilikwenda karibu yote, ikabaki ya oili na tairi la nyuma. Anayetaka kwenda aende kuanzia Juni hadi Septemba, au Januari na Februari. Ukiamua Aprili, namba yangu ya simu ifute kwanza.