Cricoteka, Kraków: pa Tadeusz Kantor

Mkifika Kraków, Poland, msiishie kwenye ngome ya Wawel tu jamani, vukeni mto Vistula mpaka Podgórze muione Cricoteka, makumbusho ya Tadeusz Kantor, yule msanii na mwongozaji wa tamthilia wa Poland, jengo jipya la 2014 lenye rangi ya kutu limepandishwa juu ya kituo cha umeme cha zamani. Mi nilikwama kwenye Darasa Lililokufa, onyesho lake la 1975, wazee wanarudi darasani wamebeba sanamu za watoto, yaani wao wenyewe walivyokuwa wadogo, na Kantor yuko palepale stejini anawaongoza mbele ya watu! Inauma sana. Alifariki 1990, ila hii Cricoteka aliianzisha mwenyewe 1980 ili kazi za kundi lake la maigizo la Cricot 2 zisipotee, na kwa hilo namshukuru mno.