Maiki

Juzi usiku niko na binti yangu tunaangalia Swiped, ile filamu ya 2025 ambayo Lily James anaigiza kama Whitney Wolfe Herd, yule wa Tinder na Bumble, app za kutafuta wapenzi. Katikati ya filamu kanigeukia, mama, na wewe walikuwa wanakutukana hivo? Nikamwambia hapana, hakuna aliyenitukana. Na ni kweli kabisa, ndo maana usingizi ulinikataa.

Enzi za ule mradi wa dawa. Hela ya seva inaelekea kuisha, tukaitwa mchujo wa mwisho mbele ya wawekezaji, hoteli moja huko Masaki. Mfumo niliuandika mimi mwenyewe, menyu ya USSD, zile za kubonyeza nyota na namba kwenye simu, ili mwenye duka la dawa kule Ifakara mwenye kitochi tu aagize mzigo bila intaneti. Mwenzangu alikuwa mtu wa hesabu na masoko, kijana safi sana, ila mambo ya programu hakuwahi kuyagusa.

Nikaongea, makofi, yakaja maswali. Mzee wa katikati, mpole, miwani kaishushia puani, akasema hongera binti yangu umeongea vizuri, sasa nina swali la kiufundi, mteja akikatika katikati ya oda inakuwaje? Kabla sijafungua mdomo kijana wa mitambo alishafika, akaitoa maiki mkononi mwangu taratibu, "samahani dada", akampa mwenzangu. Hakuna aliyemtuma. Vidole vyangu bado vimekunja vile vile kama nimeishika.

Mwenzangu akairudisha palepale, akasema hilo dada ndo analijua. Nikajibu, USSD haingoji mtu, ukichelewa kubonyeza mtandao unakukata, kwa hiyo kila hatua naihifadhi kwenye seva kwa namba ya simu, akipiga tena anaendelea alipoishia. Mzee anaitikia kwa kichwa huku anamwangalia mwenzangu, na swali lililofuata akampelekea yeye. Mimi nikaulizwa kama nina mchumba.

Hela hatukupata. Siwezi kusema ni kwa ajili ya hayo, waliopata walikuwa na kazi nzuri.

Sasa Whitney meseji za matusi alikuwa nazo, 2014 akaishtaki Tinder, akadai pia alivuliwa cheo cha mwanzilishi mwenza eti kuwa na binti kunafanya kampuni ionekane ya mchezo. Kesi ikaishia nje ya mahakama, mwaka huohuo akaanzisha Bumble, Februari 2021 ikaingia soko la hisa la Nasdaq yeye ana miaka 31. Namheshimu mno yule mwanamke. Ila kisa chake kina ushahidi na kina ushindi, mtengeneza filamu anapata pa kushika. Cha kwangu na cha wanawake wengi ninaowajua kwenye hii kazi unakishika wapi? Ningemshtaki nani, yule kijana aliyeniomba samahani?

Wangetaka kukiigiza ingebidi yule mzee wamfanye mkali ili watazamaji waelewe, na hakuwa mkali jamani, baadaye alinifuata kwenye chai, akaniombea kwa Mungu nifanikiwe, na alimaanisha.