Siku moja maishani mwangu: Desemba, Nuremberg, na kifaru mwenye pembe ya ziada

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nje ni giza totoro, na jua halitachungulia mpaka karibu saa mbili. Natenga maji ya chai, nachukua kibao cha linoliamu kilicholala usiku kucha karibu na dirisha, nakiweka kwenye kiti, nakikalia.

Ndiyo, nakikalia. Linoliamu ni lile zulia gumu la sakafuni linalotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani. Likipigwa na baridi halichongeki, linamegeka. Wenzangu wengine hulipitishia pasi. Mimi nimeona kikombe kimoja cha chai ya tangawizi, ukikinywa bila haraka, kinatosha kulilainisha. Usanaa una siri zake, na nyingine si za kusimulia mbele ya wakwe.

Natengeneza mapambo ya karatasi ya kutundika kwenye miti ya Krismasi, pamoja na kadi na vijizawadi. Nachonga picha kwenye linoliamu, napaka wino kwa rola, nachapa kwenye karatasi nene ya pamba, nakata kwa mkono, nabandika tabaka mbili, natoboa, natia uzi. Uzi wenyewe ni wa katani. Mimi ni mtu wa Tanga, ningetumia uzi gani mwingine?

Picha nyingi nazitoa kwa Albrecht Dürer, mchoraji wa miaka 500 iliyopita, kwa sababu huu mji wa Nuremberg, Ujerumani, ni mji wake na watu wanaokuja hapa Desemba wanamtafuta. Anayenunuliwa kuliko wote ni sungura wake wa mwaka 1502, ambaye picha yake halisi imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Albertina, Vienna. Sungura hana shida. Ninayelala na kuamka naye mwezi huu ni kifaru.

Saa moja na nusu niko karakana, mtaa wa Gostenhof. Tunapanga chumba kimoja watu wanne. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu ameshafika na anakunja karatasi za shaba nyembamba kama ganda la kitunguu. Anatengeneza malaika wa Nuremberg, wale wenye gauni la dhahabu lenye mikunjo na taji kichwani. Kila anapomgeuza mmoja, gauni linachakarika kama majani makavu, na jina la Kijerumani la malaika huyo limetokana na mchakariko huohuo. Kwenye meza ya pili kuna machungwa yaliyochomekwa karafuu, nayo ni mapambo ya huku tangu zamani.

"Wewe ndiye mjuzi wa karafuu," bibi ananiambia, kama anavyoniambia kila mwaka.

Nami kila mwaka namjibu kwamba kwetu Tanga ni mkonge, karafuu ni Pemba na Unguja. Isitoshe, karafuu iliyonukia kwenye mikate ya asali ya mji huu enzi za Dürer haikutoka kwetu hata kidogo. Ilitoka visiwa vya Maluku. Zanzibar ilianza kuipanda karne ya 19. Bibi anacheka, ananipa chungwa ninuse. Hajali, na sioni kwa nini ajali.

Sasa kifaru. Duka moja la zawadi limeagiza vipande 40, wavichukue Jumatatu. Wino wa mafuta unachukua siku kadhaa kukauka na leo ni Jumanne, kwa hiyo nisipochapa leo nimekwisha.

Msomaji ambaye hajamwona kifaru huyu, hebu nimweleze. Mwaka 1514 sultani wa Gujarat, India, alitoa kifaru mzima kama zawadi, akaishia kwa mfalme wa Ureno. Merikebu ilitoka Goa, ikatua Msumbiji, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikafika Lisbon tarehe 20 Mei 1515. Ulaya ilikuwa haijaona kifaru hai tangu enzi za Warumi. Barua na mchoro vikaletwa Nuremberg, na Dürer, bila kumtia mnyama machoni, akachora. Akamvika deraya, vazi la chuma la vita. Mabamba mgongoni, magamba miguuni, na juu ya bega pembe ndogo iliyojisokota, ambayo kifaru yeyote duniani hana. Picha ikachapwa nakala kwa maelfu, na kwa zaidi ya miaka 200 Ulaya iliamini hivyo ndivyo kifaru alivyo. Mnyama mwenyewe alikufa maji mwaka 1516, merikebu ilipozama pwani ya Italia akipelekwa kwa Papa. Zawadi imekuwa zawadi tena, ikazama.

Kuna jambo jingine linalonigusa kama fundi. Dürer alichora, lakini kazi ya kuchonga ubao wa kuchapia picha kwa kawaida ilifanywa na fundi mwingine. Alama ya A na D, herufi za jina lake, ipo pale pale juu kulia, kila mtu anaijua. Ya fundi haipo. Ndiyo maana mimi siichongi ile AD. Dürer mwenyewe alikuwa mkali kwa walioiga kazi zake, na mwaka 1511 alichapa onyo kwa wezi wa jasho la wengine. Picha naiazima, alama namwachia. Ya kwangu naiweka nyuma, ndogo, kwa penseli.

Saa tatu nachapa nakala za majaribio. Ya kwanza hafifu, wino umeganda kwa baridi, nausogeza karibu na hita. Ya pili nzuri. Ya tatu naona mkunjo wa shingoni unajaa wino, nikasema ngoja niuchimbe kidogo tu.

Hilo "kidogo tu" ndilo limewamaliza mafundi wengi.

Patasi iliteleza. Haikugusa shingo, haikugusa jicho. Ilipita begani ikaondoka na ile pembe ndogo, safi kabisa, kama imenyolewa. Nikabaki nakitazama kibao. Katika mwili mzima wa mnyama yule, nilikuwa nimekata kitu kimoja ambacho hakikupaswa kuwepo. Kwa mara ya kwanza kifaru wa Dürer alikuwa amekaribia kufanana na kifaru.

Nikapiga simu dukani, nikajaribu bahati. Nikaeleza, kwa Kijerumani changu bora, kwamba nina kifaru sahihi zaidi kibaiolojia.

"Pembe ya begani ipo?"

"Haipo. Kifaru hana."

"Basi huyo si wetu."

Wana haki. Mteja hanunui mnyama, ananunua kosa la mtu mkubwa. Kabla ya kutengeneza nikachapa nakala sita bila pembe, za kwangu. Kisha nikachimba kishimo begani, nikakata kijipande cha linoliamu, nikakipachika kwa gundi kali, nikasawazisha kwa msasa, nikachonga pembe upya. Kuandika hivi kumechukua sentensi moja. Kazi ilichukua saa mbili na kidole kimoja. Ukitazama kwa makini utaona mstari mweupe, mwembamba kama unywele, unaizunguka pembe. Nikauacha.

Saa saba mchana chakula: soseji tatu nyembamba ndani ya mkate mdogo, chakula cha mji huu, nimesimama mlangoni nimevaa koti. Nikamtumia mama picha ya kifaru. Akapiga hapohapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mnyama mbona kavaa kama askari?"

"Aliyemchora hakumwona, mama."

"Sasa wewe unamchora tena wa nini?"

Sikuwa na jibu la kutosha dakika za simu. Nikamuuliza habari za goti lake.

Saa nane mpaka saa kumi nilichapa zote 40, nikazitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nilipoinua macho jua lilikuwa linazama. Saa kumi!

Jioni nina zamu kwenye soko dogo la mafundi, ndani ya ukumbi. Lile soko kubwa la Krismasi la Hauptmarkt, lenye vibanda vya paa za vitambaa vyekundu na vyeupe, ni la waliopata nafasi. Mimi nalipita tu njiani nikinusa mdalasini. Nikishaipanga meza huwa namkumbuka Agnes, mke wa Dürer. Huyu alikuwa akizipeleka picha za mumewe mpaka maonesho ya Frankfurt kuziuza. Mama mkwe wake naye aliuza, hapa hapa Nuremberg. Jina la mwanamume liko kwenye karatasi, miguu iliyoganda ni ya wanawake. Yangu nimeivika soksi mbili mbili.

Biashara ilikuwa ya wastani. Sungura tisa, kadi kumi na kitu, kifaru wa wiki iliyopita wanne. Wale wasio na pembe niliwaweka pembeni, bado wabichi, na kibao kidogo: "Visiguswe." Bila shaka vikaguswa. Mtoto wa miaka kama minane, kidole kimeingia wino, akaniuliza ninakotoka. Nikamwambia Tanzania.

"Kwa hiyo wewe umewaona wa kweli!"

Mama yake akatabasamu akisubiri hadithi. Ningeweza kuwapa. Mbuga, vumbi, kifaru anakuja mbio. Ningeuza kumi. Lakini ukweli ni kwamba nimekua na bahari na mkonge, na safari za Ngorongoro zilikuwa za watu wenye hela. Twiga nimemwona kupitia dirisha la basi, Mikumi. Kifaru wa kwanza maishani mwangu nilimwona hapa hapa, kwenye bustani ya wanyama ya Nuremberg, naye ni wa India, wa aina ileile ya yule wa mwaka 1515.

"Nimemwona mmoja," nikamwambia mtoto. "Yuko vituo vichache vya tramu kutoka hapa."

Akanitazama kama nimemdhulumu. Wakanunua sungura.

Saa tatu usiku nikafunga meza. Nyumbani nikachemsha chai nyingine, nikatundika kifaru mmoja asiye na pembe dirishani kwa uzi wa katani, nikatoa daftari. Nina mpango wa kuchonga twiga mwakani. Mwaka 1415, miaka 100 kamili kabla ya kifaru kufika Lisbon, Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga, na sioni kwa nini naye asiwe na nafasi kwenye mti wa Krismasi. Nilichora shingo, nikachora miguu. Nilipofika kichwani nikakwama: pembe zile mbili za twiga, zimekaa mbele ya masikio au katikati yake? Basi lilikuwa linakwenda kasi siku ile.

Jumamosi nikatazame bustanini. Kwa leo nimeacha kichwa wazi.