Mfuko wa kahawa huharibikia mdomoni

Wakaangaji wadogo wa kahawa hapa Moshi na Arusha huhangaika sana na mng'ao wa kifungashio. Mimi ningewaomba waangalie mdomo wa mfuko kwanza.

Mfuko wa foili kwa kawaida una tabaka tatu. Nje ni poliesta ya maikroni 12 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), katikati alumini ya maikroni 7 hivi inayozuia hewa, mwanga na unyevu, na ndani polithini ya maikroni 70 hadi 80. Hiyo ya ndani ndiyo inayoyeyuka, karibu nyuzi joto 110, ikashikana. Poliesta huvumilia mpaka 250 hivi. Mfuko wa polithini peke yake, ule tunaouita nailoni, huzuia unyevu vizuri, ila oksijeni inapita na harufu inatoka. Kahawa usiiweke humo.

Adui mkubwa ni unga wa kahawa. Chembe zikibaki kwenye mstari wa kuziba, polithini haikutani na polithini, na hapo kuna njia ya hewa hata kama kwa macho panaonekana pamefungwa. Tumia faneli ndefu inayoshuka chini ya mstari huo, acha sentimita 4 tupu juu, kisha futa mdomo kwa ndani kwa kitambaa kikavu.

Mashine ndogo ya kuziba mfuko kwa waya wa moto haina kipimo cha joto, ina kitufe cha muda tu. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 200, nguvu ya waya hupungua kwa karibu robo, na muda uliotosha asubuhi hautoshi jioni. Ongeza muda kidogo kidogo, na baada ya kila mfuko uache ubanwe sekunde 2 au 3 upoe. Ukiuvuta ungali moto, mshono unaachia. Kitambaa cha teflon kinachofunika waya kikiungua, badilisha.

Pima mfuko mmoja katika kila fungu: uzamishe kwenye ndoo ya maji, ukandamize, tazama mapovu. Kisha uchane mshono. Ukibanduka kirahisi kama stika, joto halikutosha.

Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa gesi ya kaboni dioksidi, hivyo bila vali, yaani kitundu kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, mfuko hutuna. Upande wa pili, mfuko uliozibwa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ukifika Dar es Salaam hunywea: kanieneo ya hewa ni kubwa zaidi pwani, hivyo hewa ya ndani hupungua ujazo kwa takriban asilimia 15. Mweleze muuza duka mapema, asije akaurudisha akidhani umevuja.